Rangi ya Kiazi cha Kosele

Katikati ya miaka ya tisini, viazi vitamu vya Kosele vilipakiwa kwenye malori kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kisii na kupelekwa masoko ya mbali. Vingi vilikuwa vyeupe au vya manjano hafifu ndani. Mbegu ya rangi ya machungwa ilikuwa habari iliyotoka kwa majirani: mwaka 1995 Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, kikishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KARI, kilianza kuijaribu na vikundi vya akina mama wa Ndhiwa na Rongo, kwa sababu watoto wengi walikosa vitamini A. Vikundi vingine vilipewa mbegu tu, vingine vikaongezewa mafunzo ya lishe na mapishi. Waliofundishwa ndio ambao watoto wao walikula zaidi vyakula vyenye vitamini hiyo.

Mimi nilikuwa msaidizi katika maabara moja ya Nairobi. Nilitayarisha sampuli za viazi na mboga, na hadi leo nikisikia harufu ya asetoni narudi kwenye chumba kile. Mapazia yalishushwa mchana kutwa na chupa zilifungwa karatasi ya alumini, kwani betakarotini, ambayo ndiyo rangi yenyewe ya kiazi, huharibiwa na mwanga, joto na hewa. Ni antioksidanti: huzima oksijeni kali kabla haijadhuru seli, na kwa sababu hiyohiyo yenyewe haidumu ikiachwa wazi. Tulikwangua kiazi, tukakisaga na asetoni kwenye kinu, tukachuja, tukaongeza asetoni, tukasaga tena, mpaka makapi yakawa meupe kabisa. Ukiacha hata wekundu kidogo kwenye makapi, hesabu yote ni ya uongo.

Kisha ilikuja zamu ya mashine ya kromatografia ya kimiminika. Moyo wake ni bomba la chuma lenye urefu wa sentimita 25 hivi, lililojazwa chembe laini za silika zilizovikwa minyororo ya kaboni inayopenda mafuta. Pampu husukuma kimiminika humo kwa shinikizo kubwa, na rangi zote huingia pamoja. Zinavyopita ni kama watu sokoni: asiye na jamaa huvuka upesi, mwenye jamaa wengi hushikwa kila kibanda. Luteini hutoka mapema. Betakarotini, inayopenda mafuta zaidi, huchelewa. Mwishoni huangazwa mwanga wa nanomita 450, na kalamu huchora kilima kwa kila rangi inayopita. Sampuli ya mboga za majani kama dek au osuga ilichora vilima kadhaa. Kiazi cha machungwa kilichora kimoja, kirefu. Nilipenda kukumbuka kwamba Mikhail Tsvet, aliyeanzisha mbinu ya kromatografia Warsaw mwanzoni mwa karne ya 20, naye alianza na majani, akitenganisha rangi zake kwenye unga wa chaki.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote tulipima kiazi cha aina moja katika hali tatu. Kibichi: kilima kirefu. Kilichochemshwa: kilima kilekile, kimepungua kidogo, na kingine kidogo ubavuni, cha molekuli zilizopindishwa na joto. Vipande vilivyoanikwa juani, kisha vikakaa guniani kwa miezi: kalamu iliinuka kidogo tu, ikarudi chini.

Nilishtuka, maana nyumbani Kosele mama alikuwa akianika vipande juu ya mwamba. Matokeo yale yaliandikwa kwa Kiingereza na kubaki Nairobi. Wanawake waliotoa viazi hawakupelekewa hata ukurasa mmoja. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Nilipokwenda likizo nilimweleza mama mwenyewe, kwa Kijaluo.

“Basi nianike kivulini?” akauliza.

Nikasema ndiyo.

“Mvua ya hapa unaijua, mwanangu. Kivulini vitaota ukungu kabla havijakauka.”

Alisema kweli, na hakuna kilima chochote kwenye karatasi kilichonionyesha jambo hilo. Tukakubaliana njia nyingine, ileile waliyofundishwa akina mama wa vikundi: kuchemsha kiazi, kukiponda, na kukikanda pamoja na unga wa ngano. Mandazi yale yalitoka na rangi ya machungwa mpaka ndani, na watoto wa boma waliyamaliza kabla chai haijamiminwa.

Mwaka 2015 maduka makubwa ya Tuskys walianza kuuza mkate uliochanganywa rojo la viazi vya machungwa, rojo lililotoka kiwanda cha Organi, hapahapa kaunti ya Homa Bay. Viazi vilipikwa na kupondwa, bila kukaushwa wala kusagwa unga. Nilimpigia mama simu siku hiyohiyo. Alitaka kujua kama wananunua pia kutoka Kosele, na gunia ni bei gani.