Gundi ya Bomba si ya Akriliki

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi mjini Masasi ukaomba "gundi ya plastiki", utapewa gundi ya mabomba ya PVC. Muuzaji hana kosa, maana plastiki inayounganishwa huku ni bomba. Mimi nilikuwa fildi, nafundisha Fizikia, na nilitaka sanduku la akriliki (wengi tunaiita Perspex) la kujaza maji ili darasa lione mwanga unavyopinda. Shule haikuwa nalo. Mabaki ya akriliki nilipewa bure na fundi mabango, yakitosha sanduku moja tu. Yakiharibika, basi, wanafunzi wangeishia kwenye mchoro wa ubaoni kama kawaida.

Chuoni tunahimizwa kutengeneza zana kwa vitu vinavyotuzunguka. Sawa, ila habari za gundi hakuna anayezigusa.

Gundi hizi hazifanyi kazi kama uji wa kubandikia karatasi. Zinayeyusha nyuso mbili, nyuso zinachanganyika, kiyeyushi kikishapaa panabaki kipande kimoja. Kwa hiyo kiyeyushi lazima kiendane na plastiki yenyewe. Gundi ya bomba imechanganywa na PVC. Kwenye akriliki inashika kinyonge na kuacha uchafu, wakati kwangu uwazi ndio somo. Supaglu huacha ukungu mweupe pembeni, na kiungo chake ni kikavu, kikigongwa kinaachia. Silikoni ya mafundi aluminiamu ni bingwa wa kioo, lakini kwenye akriliki unaweza kuibandua kwa kucha.

"Ticha, dawa yake klorofomu," fundi mabango akaniambia. "Au daiklorometheni, ukiipata."

Kikemia yuko sahihi, zote mbili zinayeyusha akriliki. Shida ni kwamba ni nyepesi kama maji. Zinajivuta zenyewe kwenye mwanya mwembamba, lakini pengo hazilijazi, na kingo zangu zilikatwa kwa msumeno wa chuma, zina mawimbi. Fundi akatumbukiza chenga za akriliki ileile kwenye kichupa chake cha klorofomu, akafunga. Kesho yake ikawa nzito kama asali. Hiyo ndiyo iliyotufaa.

Mvuke wake si wa mchezo. Klorofomu inaumiza ini, na daiklorometheni Marekani waliipiga marufuku kwa matumizi mengi mwaka 2024. Tulibandikia nje, chini ya mwembe, upepo ukitupiga mgongoni, wanafunzi mbali kabisa. Kiangazi kilitusaidia pia: kiyeyushi kikipaa hupoza kiungo, na hewa ikiwa na unyevunyevu kiungo kinageuka cheupe. Fundi anasema kazi zake za masika ndizo zinazomsumbua.

Tukaliacha siku mbili bila kuligusa. Siku ya tatu nikajaza maji, halikuvuja. Nilipotumbukiza rula, kijana wa dawati la nyuma akasimama: "Mwalimu, hiyo rula umeikunja saa ngapi?"