Kijana wa Kibumba aliyeko Marekani achagua usukani wa kompyuta, baba yake shofere amshauri kutoka Goma

Kwa muda wa miezi mitatu, familia moja ya Kibumba ilijadiliana juu ya chombo ambacho wengi wao hawajawahi kukiona kwa macho: usukani wa kuchezea mashindano ya magari kwenye kompyuta. Familia hiyo leo imegawanyika kati ya mtaa wa Ndosho mjini Goma na mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Bei ya chombo hicho, kikinunuliwa kile kikubwa, inaweza kulipa kodi ya nyumba ndogo ya Goma kwa zaidi ya mwaka mzima. Ndiyo maana majadiliano yalikuwa makali.

Mwenye kutaka kununua ni kijana wa miaka 25. Alitoka Kibumba akiwa na miaka minane, mwezi wa kumi 2008, vita vilipowafukuza wakaaji kuelekea Kibati. Mama yake mdogo alimchukua, wakavuka hadi Uganda, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nakivale, na kutoka huko wakapokelewa Kentucky pamoja na Wakongo wengine wengi. Sasa anafanya kazi ya usiku katika ghala, akipakua maboksi.

Baba yake alibaki. Huyo ni shofere wa lori aliyepita barabara ya Goma, Rutshuru, Kanyabayonga hadi Butembo kwa zaidi ya miaka 20, akishusha maharagwe na kabichi na kupandisha bidhaa za dukani. Mwisho wa 2022 alikimbia tena, akalala chini ya shitingi pale Kanyaruchinya. Kambi za pembeni ya Goma zilipobomolewa mwezi wa pili 2025, alirudi Kibumba, akakuta nyumba haina mabati wala milango. Akaja kwa binti yake Ndosho. Lori la tajiri wake halipo tena, na mikono yake haina kazi.

Wasikilizaji wanaweza kuuliza: usukani wa mchezo una uzito gani katika habari ya watu kama hawa? Una uzito, kwa sababu katika familia iliyohamishwa yenye mtoto ng'ambo, swali hurudi mara kwa mara: pesa ya yule mtoto ni ya nani?

Kwanza inafaa kueleza chombo chenyewe. Mchezo wa mashindano kwenye kompyuta si ule wa kubonyeza vitufe kwenye simu. Mchezaji anakaa kwenye kiti, miguu kwenye pedali, mikono kwenye usukani halisi wa duara. Kompyuta inapiga hesabu ya matairi na barabara mara nyingi kwa sekunde, kisha inaamuru mota isukume usukani. Ukiingia kona kwa kasi, usukani unakuwa mzito. Matairi yakianza kuteleza, unalegea ghafla. Ukipanda ukingo wa barabara, unatetemeka. Mchezaji hasikii mwili wake ukivutwa kama ndani ya gari la kweli, kwa hiyo mikono ndiyo inayompa habari.

Tofauti iko katika njia ambayo nguvu ya mota inapitia hadi mkononi. Usukani wa bei ya chini, kama Logitech G29 wa 2015, unatumia meno ya gia. Mota ni ndogo, meno yanazidisha nguvu yake, lakini yanakwaruza, na habari ndogo ndogo za barabara zinapotea katikati. Aina nyingine hutumia mkanda wa mpira. Huo ni laini zaidi, lakini mkanda unavutika kidogo na kuchelewesha habari. Aina ya tatu ndiyo iliyomtia kijana huyo tamaa: usukani unafungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota kubwa. Hakuna gia, hakuna mkanda. Kisanduku chenye mota hiyo wachezaji wanakiita besi. Zamani besi za namna hiyo zilikuwa za watu wenye pesa nyingi au mafundi waliojitengenezea kwa mota za viwandani. Bei zilianza kushuka hasa mwaka 2021, Fanatec ilipotoa CSL DD, na baada ya hapo kampuni za China kama Moza na Simagic zikaongeza ushindani.

Nguvu ya besi inapimwa kwa nyutoni-mita, inayoandikwa Nm. Ukishika fimbo ya mita moja na kuning'iniza mwishoni mwake kitu cha gramu 100 hivi, mkono wako unapambana na Nm 1. Kwa usukani wenye upana wa sentimita 30, hesabu inakwenda hivi: Nm 5 ni sawa na kuning'iniza kilo tatu na nusu hivi kwenye ukingo wake. Nm 12 ni kama kilo nane. Besi kubwa kabisa ya Simucube 2, kutoka Finland, inafika Nm 32, na hapo ukingo unavuta zaidi ya bidoni ya lita 20 iliyojaa maji. Mama yeyote aliyepanga foleni ya maji kambini anajua uzito huo bila kufundishwa.

Kijana alikuwa na usukani wa gia alioununua kwa mtu, umetumika. Kila Jumamosi, kabla ya zamu, anashindana na watu wa Poland, Brazil na Ufaransa katika mchezo wa Assetto Corsa Competizione. Huko hakuna anayemuuliza alitoka wapi wala alikimbia nini. Wanajua tu kwamba kwenye mvua ana mkono mzuri. Alikuwa ameweka akiba ya dola 1200 kwa mwaka mmoja na nusu, na alitaka kuzitumia zote: besi ya Nm 12, usukani mpya na fremu ya aluminiamu.

Sababu yake haikuwa ya kitoto. Besi ndogo ina ugonjwa mmoja unaojulikana. Mchezo ukiomba nguvu kuliko mota inavyoweza kutoa, kila kitu juu ya kiwango hicho kinakatwa na kuwa sawa. Ni kama redio ndogo iliyofunguliwa sauti hadi mwisho: kelele ni kubwa, lakini maneno ya mtangazaji hayasikiki tena. Besi kubwa ikitumiwa nusu ya nguvu yake inabaki na nafasi, na habari zote zinafika mkononi.

Dada yake wa Ndosho hakutaka kusikia hesabu hiyo. Mwenye nyumba alikuwa anadai garanti mpya, na watoto wawili walikuwa wamerudishwa kutoka shule. Alimwandikia kwa WhatsApp kwamba yaya ameanza kusahau, kwamba watu hapa wanalala watano katika chumba kimoja huku yeye akinunua gari lisilokwenda popote. Kijana alijibu kwamba tangu 2019 ametuma dola 150 kila mwezi bila kukosa hata mmoja, hata alipougua. Yote mawili yalikuwa kweli, na ndiyo maana hawakuweza kumaliza. Kwa wiki mbili hawakusemeshana.

Aliyefungua mlango ni mzee. Kijana alimpigia simu kumweleza, akitegemea kugombezwa. Mzee hakuuliza bei kwanza. Aliuliza juu ya freni.

Kwa shofere wa barabara ya Butembo, swali hilo ni la kawaida. Gari linaanza kwa freni, nguvu inakuja baadaye, kwa sababu kuna miteremko ambayo injini haikusaidii kitu. Kijana akabaki kimya, maana pedali zake zilikuwa za zamani, za kupima umbali ambao mguu unakwenda. Freni ya gari la kweli haifanyi kazi hivyo. Mguu wa shofere unakumbuka uzito aliokandamiza, hausomi sentimita. Zipo pedali za mchezo zinazopima uzito wa mguu, na wachezaji wengi wazoefu wanasema wazi kwamba hizo zinapunguza sekunde za mzunguko kuliko kuongeza Nm kwenye mikono.

Swali la pili la mzee lilikuwa kiti. Usukani umefungwa wapi? Kijana akasema kwenye meza ya kulia. Mzee akacheka. Besi ya Nm 12 kwenye meza ya kulia inatikisa meza yote, na nguvu uliyolipia inaishia kwenye mbao. Kabla ya kununua nguvu, tengeneza mahali pa kuishika.

Swali la tatu lilikuwa vipuri, au piesi kama mafundi wa Goma wanavyosema. Hilo nalo lina maana hata Marekani. Mwaka 2024, Endor ya Ujerumani, kampuni iliyokuwa na chapa ya Fanatec, ilifilisika, na Corsair ya Marekani ikaichukua. Chapa haikufa, lakini wanunuzi walijifunza kuuliza nani atatengeneza besi ikiharibika. Tena mara nyingi besi ya chapa moja inakubali usukani wa chapa hiyo tu, kwa hiyo ukichagua besi umechagua duka la miaka mingi. Anayecheza kwenye kompyuta ana nafuu kidogo kuliko wa PlayStation au Xbox. Besi na pedali zinaingia kwa waya wa USB, kila kimoja peke yake, na anaweza kuchanganya pedali za kampuni moja na besi ya nyingine.

Swali la nne ndilo lililogusa nguvu yenyewe. Mzee alieleza jinsi alivyofundishwa na shofere mkubwa wake kwenye lori la zamani lisilo na usukani wa kusaidiwa: vidole gumba vikae juu ya ukingo, kamwe visiingie ndani ya mikono ya usukani. Tairi likigonga jiwe la lava, volani inarudi kwa nguvu na kuvunja kidole. Kijana alishangaa, kwa sababu onyo hilohilo limeandikwa kwenye maelezo ya besi kubwa, na nyingi kati ya hizo zina kitufe cha kuzima haraka. Mzee hakuona sababu ya kulipa pesa ili kuumizwa chumbani. Alisema lori jipya alilopewa miaka ya mwisho lilikuwa na volani nyepesi, na hakupata kuona kwamba wepesi huo ulimfanya kuwa shofere mbaya. Kitu cha kutafuta ni volani isiyokudanganya. Ikisema ukweli kwa sauti ndogo, mkono utazoea kusikiliza.

Kwa hiyo hesabu ikapinduliwa. Kijana alichukua besi ya Nm 5.5 iliyouzwa pamoja na usukani wake, akaongeza pedali zenye freni ya kupima uzito, na fremu akaitengeneza mwenyewe kwa mbao na skurubu. Vyote vilikula karibu dola 640. Anajua alichopoteza: kwenye magari mazito itabidi ashushe kiwango ndani ya mchezo ili nguvu isikatwe, na usukani utakuwa mwepesi kuliko alivyoota. Anajua pia alichopata, kwa sababu hata mota ndogo iliyofungwa moja kwa moja ina nguvu zaidi ya mara mbili ya usukani wake wa gia, na haikwaruzi.

Dola 560 zilizobaki zilitumwa nyumbani. Tangu benki za Goma zifungwe mwanzoni mwa 2025, pesa kama hiyo inapita kwenye simu, na dada yake alizunguka kwa mawakala kadhaa kabla ya kupata aliyekuwa na noti za kutosha. Garanti imelipwa. Watoto wamerudi shuleni.

Je, dada amekubali? Hapana. Anasema hata 640 ni pesa, na hajakosea. Lakini mzee ana jibu lake, na amelirudia mbele ya majirani wenye watoto ng'ambo. Shofere anayelazimishwa kwenda bila kulala atafika Butembo mara ya kwanza, na mara ya pili pia. Mara ya tatu anaanguka bondeni pamoja na mizigo ya watu wote. Anayewatumia wengine pesa kila mwezi anabeba abiria wengi. Saa zake mbili za Jumamosi, kwa maoni ya mzee, ni usingizi wa shofere, na familia inayomnyima usingizi inajikatia njia yenyewe. Ila shofere naye anatakiwa kuwaambia abiria anasimama wapi na kwa muda gani. Kijana alikosea hapo: dada alisikia habari ya usukani kwa watu wengine kabla ya kuisikia kwake.

Wamekubaliana juu ya jambo moja tu. Matumizi yoyote makubwa, ya upande wa Lexington au wa Ndosho, yatatajwa kwanza kwenye simu ya Jumapili, na kila mtu atasikilizwa kabla pesa haijatoka. Dada ameomba simu ya Jumapili ijayo ianze na bei ya mabati ya Kibumba.

Mzee ametumiwa video ya mashindano ya kwanza. Aliitazama mara mbili kwenye simu ya jirani, akanyamaza, kisha akamtumia mtoto wake ujumbe wa sauti: kwenye kona ya tatu, kidole gumba cha kushoto kilikuwa ndani.