Treni Utanunua, Ukuta Lazima Ujenge

Leo natetea kitu ambacho wengi wa rika letu wanakiona cha watoto: kujenga reli ndogo ya mezani, na sana sana kuta zake za mawe.

Msimamo wangu ni huu. Treni ndogo utanunua, na karibu zote zinafuata treni za Ulaya, Marekani au Japani. Miti inauzwa. Hata watu wa plastiki wanauzwa, wazungu na makoti yao ya baridi. Lakini hakuna duka linalouza ukuta wa Bungoma. Huo utajenga mwenyewe, na ndio utamwambia mtu treni yako iko wapi.

Anza na vipimo. Kipimo maarufu ni 1 kwa 87, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Zidisha mara 87, unapata karibu milimita 1,435, yaani SGR. Lakini reli yetu ya zamani, ile iliyofika Kitale mwaka 1926 na ile inayopita Bungoma kwenda Malaba, ina upana wa mita moja. Ukiipunguza inakuwa milimita 11.5 hivi. So ukiweka ya dukani bila kufikiria, umeleta SGR Kitale kabla serikali haijaileta.

Mawe nayo? Jiwe la kujengea la inchi 9 linakuwa milimita 2.6 hivi. Chukua trei ya mayai, ile ya karatasi. Tayari ina mikwaruzo kama ya jiwe lililochongwa kwa nyundo. Kata vipande kwa wembe, bandika kimoja kimoja juu ya kadibodi kwa gundi nyeupe. Ile povu nyeupe inayokuja na TV achana nayo, punje zake zinabomoka ukiikata.

Video nyingi za kufundisha hii kazi zinatoka Uingereza: mawe ya kijivu, kuvu ya kijani kila mahali. Ni poa, lakini hiyo ni mvua ya kwao. Huku mvua ikipiga chini, udongo mwekundu unaruka na kupaka ukuta mpaka usawa wa magoti. Hiyo rangi ndiyo nyumbani.

Pia kaa na fundi wa mawe. Mmoja wa Bungoma alinifundisha mambo mawili: jiwe la juu lazima lifunike pengo la chini, na ukuta unaozuia udongo lazima uwe na vishimo vya kutoa maji, la sivyo msimu wa mvua utausukuma uanguke. Vyangu nilivitoboa kwa sindano. Nilipomwonyesha, treni hakuiangalia hata kidogo. Alihesabu vishimo.

Sasa, mbona nijisumbue hivi? Sisi treni ya abiria ya Kitale tunaijua kwa kuambiwa tu, na wazee walioipanda wanapungua. Kuka yangu si mtu wa maneno. Ukimuuliza treni ilikuwaje, atakwambia, "Ilikuwa treni." Lakini nilipomuuliza ule ukuta waliokuwa wakiegemea wakingoja ulimfika wapi mwilini, alisimama. Akaweka mkono kifuani. Halafu story zikaanza: nani aliuza ndizi pale, nani alilala akaachwa, siku gani yeye mwenyewe alisafiri na kuku wawili chini ya kiti. Nilikuwa sijawahi kusikia hata moja.

Swali kubwa lilimfunga mdomo, la sentimita likaufungua. Ndiyo maana mtu akiniambia nakua nikichezea midoli, simjibu sana.

Kama uko na trei na wembe, anza na ukuta wa urefu wa kidole. Ila kwanza toka nje upime wa kwenu, na umuulize mzee aliyeuona ukijengwa.