Joto Lisiloonekana



Juma hili naomba tutafakari juu ya kitu ambacho sisi wakazi wa Igogo hukiona kila siku na kukipita bila kukisemesha: bonge la barafu.

Ashukaye kutoka nyumba zetu za mlimani, zile zilizojibanza kati ya majabali, hata akafika kando ya ziwa, hukutana na barafu kabla ya kukutana na samaki. Hubebwa kwa magunia na mikokoteni, hupondwa kwa nyundo, hupakiwa kwenye boti ziendazo visiwani kukusanya sangara. Bila barafu sangara wa Ukerewe asingefika Mwanza akiwa bado ni chakula. Na kwa kuwa tumeizoea, hakuna anayeiuliza neno.

Yuko kijana mmoja aliyeuliza, na nakiri kwamba mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Kabla ya kuhamia huku nilifundisha fizikia kwa miaka kadhaa, na mpaka leo, Jumamosi alasiri, nawasaidia vijana wa jirani masomo yao ya sayansi. Miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye siku za mapumziko hubeba barafu ufukoni ili kumsaidia mama yake. Jumamosi moja alinyosha mkono akasema: "Padre, jua la saa saba linaichoma barafu hadi maji yanatiririka, lakini nikiingiza mkono, maji yale ni baridi vilevile kama asubuhi. Hilo joto la jua linakwenda wapi?"

Nilikuwa nimechoka, na bado tulikuwa na kurasa nne za mazoezi. Nikamjibu, "Barafu ni barafu, mwanangu. Tuendelee na somo." Wenzake wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikatabasamu pamoja nao.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya tatu. Mama yake nilipokutana naye aliniambia kwamba mwanawe ameamua kuacha fizikia na kuhamia masomo ya sanaa, na kwamba siku nyingine haendi shule kabisa, anabaki ufukoni. "Anasema fizikia si ya watu kama yeye, Padre," akaniambia kwa upole. Upole ule uliniumiza kuliko ambavyo angenigombeza.

Usiku ule nilimkumbuka Erasto Mpemba.

Wengi wenu mmelisikia jina hilo. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, wilayani Lushoto. Wavulana pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huchanganya na sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyatia kwenye friza. Siku moja nafasi ndani ya friza ilikuwa ikigombewa. Mwenzake mmoja akatia maziwa yasiyochemshwa. Mpemba naye, akichelea kukosa nafasi, akatia yake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu akakuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito. Akamwuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu zaidi, aliuliza tena. Safari hii mwalimu aliamua kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake, wala si ile inayojulikana duniani kote. Tangu hapo, kila alipokosea hesabu, wenzake walimdhihaki kwa jina lake. Lakini yeye alikwenda maabara kimyakimya, akajaribu kwa maji, akaona jambo lilelile.

Ndipo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama mbele ya shule nzima: maji ya kipimo kimoja katika vyombo viwili, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, yakitiwa kwenye friza, kwa nini ya moto hutangulia kuganda? Wanafunzi wakacheka. Osborne hakuamini alichosikia, lakini hakumdharau aliyeuliza. Aliahidi kujaribu, na aliporudi Dar es Salaam akatimiza ahadi. Mwaka 1969 makala yenye majina yao mawili, la mwanafunzi na la mhadhiri, ilichapishwa katika jarida la elimu ya fizikia nchini Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa katika chuo cha usimamizi wa wanyamapori, Mweka, karibu na Moshi. Hata leo jambo hilo laitwa kwa jina lake duniani kote.

Wala msidhani kwamba wataalamu wamekwisha kukubaliana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza waliandika kwamba katika vipimo vyao hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada, wakitumia punje ndogo mno ndani ya maji badala ya barafu, walionyesha kwamba kitu chenye joto zaidi chaweza kweli kutangulia kufika kwenye ubaridi. Swali la mvulana wa Magamba lina zaidi ya miaka sitini, na bado linawafanyisha kazi watu wazima.

Basi nikajihoji: mimi niliyemsimulia Mpemba darasani mara nyingi, nikiwalaumu waliomcheka, nimefanya nini? Na swali la kijana wangu, tofauti na la Mpemba, lilikuwa na jibu linalojulikana tangu karne ya 18, na jibu lenyewe nilikuwa nalo!

Asubuhi nilishuka ufukoni. Nilimkuta akiponda barafu. Akaniamkia, "Shikamoo Padre," bila kuinua macho. Nikaitika, kisha nikamwambia kwamba swali lake lilikuwa jema na jibu langu lilikuwa baya, nami naomba radhi. Alinyamaza. Nikaongeza kwamba jioni nitakuwa jikoni na kipimajoto nilichoazima, kama anataka tukalitafute hilo joto pamoja. Alikuja, amechelewa kidogo, na daftari mkononi.

Tulitia nusu kilo ya barafu iliyopondwa ndani ya sufuria, tukawasha jiko la gesi kwa moto mdogo, yeye akakoroga na kuandika. Barafu ilitoka kwenye friza ikiwa nyuzi 6 chini ya sifuri. Kabla ya dakika moja kwisha ikapanda hadi sifuri. Kisha kipimajoto kikasimama. Moto unawaka, maji yanaongezeka, na zebaki haisogei. Dakika ya tatu sifuri, ya tano sifuri, ya saba sifuri. "Kimekufa," akasema. Nikamwambia aendelee kuandika. Ilipopita dakika ya tisa kipande cha mwisho kikatoweka, na hapo zebaki ikaanza kupanda.

Huko ndiko joto lilikokwenda. Ndani ya barafu chembe za maji zimeshikamana kwa mpango, kila moja mahali pake. Joto linaloingia halitumiki kuzifanya zitetemeke kwa nguvu zaidi, na ndiyo maana kipimajoto hakioni kitu. Linatumika kulegeza mshikamano ule hadi kigumu kiwe kimiminika. Joseph Black, aliyekuwa akifundisha Glasgow, alilitambua hilo mnamo miaka ya 1760, na wanafizikia hulita joto fiche. Si kidogo: kilo moja ya barafu hudai kilojuli 334 ili iwe maji ya nyuzi sifuri ileile. Joto hilo hilo lingetosha kuyapandisha maji hayo kutoka sifuri hadi nyuzi 80.

Kijana akaelewa papo hapo kwa nini mabosi wa samaki hununua barafu na si maji baridi. Barafu hunyonya joto la samaki na kulimeza, yenyewe isipande hata nyuzi moja, mpaka imalizike. Tulikokotoa pamoja: kilo ya sangara aliyetoka majini na joto la nyuzi 25, kumfikisha sifuri, yahitaji kama robo kilo ya barafu na ushee, mbali na ile inayoliwa na jua njiani.

Sufuria ikaendelea. Dakika kumi na mbili baadaye maji yakatokota, na kipimajoto kikasimama tena, safari hii kwenye 96. Kijana akanitazama kwa wasiwasi. "Padre, kitabu kinasema 100. Nimekosea?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kujibu. Nikauzuia. Nikamwuliza yeye anadhani ni kwa nini. Alifikiri muda mrefu, akapendekeza kwamba kipimajoto ni kibovu, kisha akakataa mwenyewe, kwa kuwa kwenye sifuri kilikuwa sawa. Mwishowe akauliza kama kitabu kiliandikwa na mtu anayeishi pwani. Naam! Ziwa letu liko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, na maji hupata upenyo wa kugeuka mvuke mapema. Hakukosea yeye wala kitabu.

Mageuzi hayo ya pili ni ghali zaidi: kuigeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hudai kilojuli zipatazo 2,260, karibu mara saba ya kuyeyusha barafu. Ndiyo siri ya mtungi wa bibi zetu, unaovuja jasho na kuyapoza maji yaliyobaki ndani. Ni siri ya ziwa pia: mchana kutwa mvuke hupanda ukiwa umebeba joto fiche, na unapogeuka matone ndani ya mawingu hulirudisha. Joto hilo hutia nguvu zile dhoruba za usiku ambazo wavuvi wetu wanazijua, na ambazo baadhi ya nyumba za Igogo zimewalilia watu wao.

Wapendwa, simulizi hii haina mwisho mkubwa. Kijana amerudi darasani, na fizikia hajaiacha. Atafaulu au hatafaulu, mtihani wake ni mwakani. Ninachobaki nacho ni zile dakika tisa. Kama ningelizima jiko dakika ya saba, ningeapa kwamba moto wangu haukufanya kitu. Ni mara ngapi tumezima moto namna hiyo, mbele ya mtoto mzito wa kuelewa, mbele ya mume aliyeahidi kuacha pombe, mbele yetu wenyewe, kwa sababu kipimo tulichokishika mkononi hakikusogea?

Na dhihaka nayo ni baridi inayoingia kimyakimya. Tabasamu langu la Jumamosi ile halikuchukua hata sekunde mbili, na karibu limgandishe mtu.

Juma hili mtoto akikuuliza swali, usijibu upesi. Mwulize kwanza ameona nini.

Nawatakia juma jema.