Kunguni hawaondoki kwa siri

Kuna matatizo ya nyumbani ambayo mzazi huyasimulia kwenye foleni ya zahanati bila kuulizwa: homa ya mtoto, mafua, tumbo la kuhara. Kunguni hawamo. Mtu akigundua wapo chumbani kwake hufunga mlango, hushusha pazia na kuanza kupambana nao kimyakimya.

Kwa mama mmoja wa Wazo, Kinondoni, kimya hicho kilidumu miezi minne. Anaishi na mumewe na watoto watatu katika chumba na sebule, kwenye nyumba yenye familia nne za wapangaji zinazotumia uwanja mmoja na kamba moja ya kuanikia nguo.

Ilianza baada ya mtoto mkubwa kurudi likizo kutoka bweni. Wiki chache baadaye yule wa mwisho, mwenye miaka minne, akawa anaamka na vipele vilivyojipanga mstari mkononi na shingoni. Mama alidhani ni mbu, akabadili chandarua. Akadhani ni joto, akampaka poda. Siku alipoinua godoro na kumulika chaga kwa tochi ya simu, aliona vidoa vyeusi kama vya ncha ya kalamu, na wadudu bapa, wa kahawia iliyoiva, wakubwa kama punje ya dengu.

Hakumwambia mtu. Alihofu majirani watasema familia yake ni wachafu.

Hofu hiyo haina msingi. Kunguni anafuata damu na joto la mtu aliyelala. Husafiri kwenye begi la shule, kwenye tranka, kwenye sofa lililonunuliwa mkononi kwa mtu. Mwaka 2023 jiji la Paris, likijiandaa kwa Olimpiki, lilikumbwa na taharuki ya kunguni kwenye treni na kumbi za sinema. Vitu vingi chumbani humpa maficho, lakini hata nyumba inayodekiwa mara mbili kwa siku huweza kumpokea.

Habari njema ni kwamba haijathibitika kuwa kunguni huambukiza watu magonjwa kwa kuwauma. Anachoharibu ni ngozi inayokunwa hadi ikatoka vidonda, na usingizi. Mtoto asiyelala usiku husinzia darasani, na mama asiyelala huwa mkali kwa kila mtu.

Hatari kubwa zaidi huja na dawa zinazotumika kwa siri. Mama huyu alianza na maji ya moto kwenye chaga, kisha mafuta ya taa, ambayo kwenye chumba chenye jiko na watoto ni kualika moto. Ikafuata chupa isiyo na lebo iliyonunuliwa kwa mchuuzi. Mtoto akakohoa siku mbili, kunguni wakabaki.

Mumewe akashauriwa kazini atumie vidonge vya kuhifadhia mahindi, vile vyenye alumini fosfaidi. Mkewe alikataa, na pengine aliokoa maisha. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, inayopenya nyufa na dari hadi chumba cha pili, na mtu akiivuta haina dawa ya kuiondoa makali. Katika nchi za Ghuba watoto wamekufa usingizini kwa sababu jirani aliweka vidonge hivyo akiua wadudu. Havina nafasi katika nyumba wanayolala watu.

Hatimaye wakaita mpuliza dawa. Alikuja na pampu ya mgongoni, akapuliza kwa dakika ishirini, akalipwa, akaondoka. Siku kumi walilala vizuri. Kisha mtoto akaanza tena kujikuna.

Wengi wakifika hapo husema wameuziwa maji. Inawezekana, lakini mara nyingi sababu ni mayai. Kunguni jike hutaga yai moja hadi matano kwa siku na kuyagandisha kwenye nyufa. Dawa nyingi za kupuliza huua wanaotembea na kuyaacha mayai, nayo kwenye joto kama la Dar es Salaam huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Ndiyo maana kazi kamili huwa na raundi ya pili, takriban wiki mbili baada ya ile ya kwanza, kabla vifaranga hawajakua na kuanza kutaga. Anayeahidi kumaliza kwa siku moja, mwulize atarudi lini.

Sababu nyingine ni usugu. Kundi la dawa linalotumika sana majumbani ni la pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu iliyomo kwenye maua ya pareto, na ndizo zinazowekwa pia kwenye vyandarua. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo kutoka vijiji vya kaskazini mashariki mwa Tanzania yakionesha kunguni waliokuwa sugu kwa dawa hizo, pale ambapo vyandarua vyenye dawa vilikuwa vikitumika. Hilo lisikufanye uondoe chandarua, maana malaria inaua. Ila fundi anayejua kazi hubadili aina ya dawa pale ya kwanza inaposhindwa, badala ya kuzidisha kipimo.

Lakini kwa familia hii sababu kubwa ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Kunguni hupita kwenye nyufa, chini ya milango na kwenye matundu ya nyaya za umeme. Jioni moja, wakianua nguo, mama aliamua kumwambia jirani yake. Jirani akashusha beseni, akacheka kwa uchungu: kwake wapo tangu kabla ya mfungo. Walipobisha hodi kwa wengine wawili, majibu yakawa yaleyale. Familia nne zilikuwa zimepuliza dawa kwa siri, kila moja kwa wakati wake, na kunguni walikuwa wakihamia tu chumba cha pili.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wapangaji wakaenda pamoja kwa mwenye nyumba, wakachangishana naye, na vyumba vyote vikapulizwa siku moja, raundi zote mbili.

Fundi wa safari hii alianza kwa maswali: kuna mjamzito? Kuna mwenye pumu? Mtoto mdogo ana umri gani? Akaonesha chupa yenye lebo na jina la dawa. Viuatilifu nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na mteja ana haki ya kuuliza kama dawa inayoingia chumbani kwake imesajiliwa na inaruhusiwa kutumika ndani ya nyumba.

Kazi nyingine ni ya familia. Kabla ya siku hiyo, fua shuka, mapazia na nguo kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, kisha zifunge kwenye mifuko. Kuanika godoro juani pekee hakutoshi, kwani kunguni hukimbilia upande wenye kivuli. Sogeza vitanda mbali na ukuta. Toa nje vyakula, vyombo, maji ya kunywa na midoli. Watoto na wajawazito wasiwepo wakati wa kupuliza, na wasirudi mpaka dawa ikauke na madirisha yamefunguliwa kwa saa alizoelekeza fundi. Usideki kingo za kuta kabla ya raundi ya pili, maana utaifuta dawa inayowasubiri vifaranga. Mtu akizidiwa pumzi au kutapika baada ya dawa, awahishwe hospitali pamoja na chupa yenye lebo.

Sasa kila Jumamosi wapangaji wa nyumba hiyo huinua magodoro na kumulika chaga, na mtoto akitoka bweni begi hufunguliwa uwanjani kwanza.

Jumamosi hii, mzazi, inua na wewe. Ukiwaona, kabla hujampigia fundi, bisha hodi kwa jirani.