Fundi wa Udi wa Malindi

Waimbaji wa taarab wa Unguja tunawajua kwa majina. Safari ya Siti binti Saad kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri wanaijua hata watoto wa skuli. Waliounda vyombo hawatajwi. Mimi nilimjua mmoja, mzee wa uchochoroni Malindi hapa Unguja, tukimwita Babu Fundi.

Mgongo wa udi aliuunda kwa mbavu nyembamba za mbao, kila mmoja akiukunja taratibu juu ya bomba la chuma lililopashwa moto, akiupima kwenye kalibu, akiurudisha tena motoni. Ubavu ukipasuka aliutia jikoni, akachukua mwingine, wala hanung'uniki. Uso ndio uliomla muda. Aliupiga randa, akaugonga kwa kidole, akatega sikio, akaupiga randa tena. "Ubao ukishajibu, mwanangu, usiuguse," aliniambia. Gundi aliichemsha mwenyewe, ya ngozi, harufu yake ikatanda mtaa mzima. Aliing'ang'ania kwa sababu huachia kwa mvuke, hivyo udi uliochoka huweza kufumuliwa na kuungwa upya bila kuvunjwa. Na masika hakubandika uso hata umlipe mara mbili: ubao ulioshiba unyevu hupasuka jua likirudi.

Miaka ya 1990 taarab ya kisasa ikatamba, na kinanda kimoja cha umeme kikabeba kazi ya udi, fidla na kanuni. Wateja wakapungua, wakabaki wazee wa kubadilisha nyuzi. Babu Fundi akageukia vitanda na makabati, akiyapiga msasa kwa uangalifu uleule wa udi. Kinanda sikilaumu; wanamuziki walifuata wasikilizaji wao. Kinachoniuma ni kwamba alifariki bila mwanafunzi, na kalibu zake zikatawanyika.

Tangu mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kinawafundisha vijana udi na kanuni, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kijana wa jirani yangu anapiga udi ulioletwa kutoka Misri. Shingo ya udi huo ilipoachia, alizunguka Mji Mkongwe akitafuta wa kuiunga, akaishia kwa seremala wa milango.

Walimu wetu, mkifungua darasa la kupiga, fungueni na la kuunda. Maseremala hodari bado wapo Unguja, waiteni mapema.