Rimu za Datsun: Barua kwa Mpwa Aliye Nairobi

Mususa, Butembo

Kwa mpwa wangu mpenzi Kasereka,

Sisi huku tu wazima: mama yako anaendelea vyema na goti lake, mdogo wako amefaulu mtihani wa Serikali, na mvua imeikata tena njia ya kuteremkia sokoni, jambo ambalo halikushangazi. Ningekuandikia ya nyumbani kwa urefu, walakini moyo wangu hauna nafasi, kwa kuwa juzi alipita hapa mfanyabiashara mmoja atokaye Kampala, akanionyesha katika simu yake picha yako umesimama kando ya Datsun nyekundu, na alipokwisha kuisifu rangi yake akaniambia, pasipo kujua anamwambia nani, kwamba gari hilo umelinunua Mombasa kwa mzee aliyelihifadhi tangu zama za mashindano ya Safari, kwamba rimu zake ni zile zile za magnesiamu alizoagiziwa kutoka Uingereza akiwa kijana, na kwamba unakusudia kuliendesha mwenyewe mwezi wa Desemba, kupitia Malaba na Kampala hadi Kasindi, ili uje nalo kwenye harusi ya dada yako.

Gari sikukatazi. Mimi pia nilipata kuyapenda mambo hayo kabla hujazaliwa, na mwaka 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliposhinda Safari kwa Datsun 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström, nilikuwa Mombasa nikijifunza kazi katika gereji, na sisi vijana wa gereji tuliyajua majina ya madereva kuliko majina ya mawaziri. Baba yako wakati huo alikuwa akiuza chumvi na vitenge, na kila nilipokuja likizo alinena mbele ya wazee kwamba shemeji yake amekwenda Pwani kujifunza kunawa mikono kwa mafuta ya taa. Leo anaagiza magari Dubai kwa makontena, na likimharibikia hata moja hupeleka mtu kuniita. Na mbuzi wawili wa mahari ya dada yangu hadi sasa sijawaona. Lakini hayo tuyaache, maana si wewe uliyeyatenda.

Nirudi kwenye rimu. Najua utakalonijibu, kwa sababu nami nililisema: magnesiamu ni nyepesi, uzito wake ni kama thuluthi mbili tu za aluminiamu na haufiki robo ya chuma, na gurudumu likiwa jepesi breki na springi hupata nafuu na gari hushika njia. Hayo ni kweli tupu, na ndiyo sababu rimu za Minilite zenye mikono minane zilienea katika magari ya mashindano tangu miaka ya sitini. Lakini jiulize zilitengenezewa nani. Zilitengenezewa timu iliyokuwa na fundi wa kuzivua kila mara, kuzikagua kwa kioo cha kukuzia, na kuzitupa bila huruma zilipotiliwa shaka, ilhali wewe unataka kuziweka kazini baada ya miaka hamsini, juu ya mashimo ya barabara zetu, huku nyuma wamekaa mashangazi watatu na magunia ya vitunguu.

Tena umezitoa Mombasa! Miongoni mwa madini yote yatumikayo katika magari hakuna linaloliwa upesi na chumvi na unyevu kuliko magnesiamu, na mahali inapogusana na chuma, kama vile penye nati na penye habu, ikipata maji kidogo huliwa yenyewe na chuma kikabaki salama. Kutu yake si nyekundu ukaiona ukashtuka. Ni vumbi jeupe lifanyalo kazi chini ya rangi, likachimba vishimo vidogo vidogo, na katika vishimo hivyo ndimo ufa huzaliwa. Rimu yaweza kung'aa kwa nje nayo ndani imekwisha kama muhogo uliooza ardhini.

Nitakusimulia jambo, usome polepole. Katika gereji ile mkubwa wetu alikuwa mzee mmoja wa Lamu, ambaye ndiye aliyenifunza Kiswahili hiki mnachonichekea hapa Butembo, na siku moja akaja tajiri kijana, mwenye Cortina iliyokwisha kustaafu mashindano, akitaka rimu zake za magnesiamu zisuguliwe na kupakwa rangi ya fedha kwa sikukuu. Mzee hakukubali kupaka kitu asichokijua ndani yake. Akazilaza rimu katika pipa la mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi akazipangusa mpaka zikakauka kabisa, kisha akazipaka chokaa laini iliyokorogwa kwa spiriti, akatuambia twendeni tukanywe chai. Tuliporudi rimu tatu zilikuwa nyeupe pepe. Ya nne, kwenye mashina ya mikono yake, pale mkono unapoungana na kitovu chenye matundu ya nati, palikuwa pametokea mistari ya unyevu, myembamba mfano wa unywele, kwa sababu mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya nyufa yalikuwa yakitoka na kuilowesha chokaa. Mimi niliyekuwa na macho ya miaka ishirini nilikuwa nimeitazama rimu ile jana yake juani, nisione kitu.

Tajiri alipoonyeshwa alicheka. Alisema amekwenda nayo Nairobi na kurudi mwezi uliopita na haikumfanya lolote, kwamba mzee anatafuta kumuuzia rimu mpya, na kwamba chokaa ni kazi ya waashi. Akazichukua zote nne, akazipeleka mahali pengine, ambako mistari ilijazwa kwa lahamu na matabaka ya rangi yakafunika kila kitu, zikatoka nzuri mno hata sisi tulizitamani. Haukupita muda mrefu, Jumapili moja jioni, akitoka Mariakani na mdogo wake, wakiteremka Mazeras, mikono yote minane ya gurudumu la mbele la kushoto ikakatika kwa mara moja. Tulikwenda kulivuta gari. Kilichobaki kwenye habu kilikuwa ni kitovu cha rimu, na nati zake zote nne zimekaza vilevile kama zilivyofungwa. Duara na tairi vilikuwa vimekwenda zao mikoroshoni, na gari likafuata. Tajiri aliishi, na hadi nilipoondoka Mombasa alikuwa akichechemea. Mdogo wake ndiye aliyekaa upande ule wa kushoto, naye alizikwa kesho yake. Mzee wetu alikiokota kile kitovu, akatuonyesha pale palipokatika: sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, maana ufa ulikuwa wa zamani na uchafu ulikwisha kuingia, na kipande kidogo tu kilikuwa cheupe kinametameta, ambacho ndicho kilichokuwa kikilibeba gari siku ile ya mwisho. Hakusema neno juu ya chokaa yake, na mimi katika umri wote sijamheshimu mtu kwa kunyamaza kama nilivyomheshimu yeye.

Basi usiniambie kwamba umetoka nalo Mombasa hadi Nairobi salama. Yule naye alikuwa ametoka.

Watu wakisikia magnesiamu huzungumza moto, na moto upo: huko Le Mans mwaka 1955 Mercedes ya Pierre Levegh, yenye mwili wa magnesiamu, iliwaka na walioimwagia maji wakauchochea moto, katika msiba uliowaua watu zaidi ya themanini, na mwaka 1968 huko Rouen Jo Schlesser aliteketea ndani ya Honda iliyotengenezwa kwa madini hayo hayo. Lakini rimu nzima haishiki moto kwa urahisi; yawakayo upesi ni machicha na unga wake, kwa hiyo asije fundi akaikereza au kuichomelea karibu na cheche, na ikitokea kuwaka ni mchanga mkavu, maji hapana. Mimi siuogopi moto kama ninavyouogopa ufa, kwa sababu moto hujitangaza.

Sasa sikiliza la kufanya. Kwanza hakikisha ni magnesiamu kweli, kwani sura ile ile ya mikono minane imetengenezwa baadaye kwa aluminiamu, na wauzaji huapa vyovyote: kwangua mahali kidogo kwa ndani mpaka madini yaonekane, udondoshe siki; yakitoa povu jingi, ndiyo yenyewe, ikiwa yatulia, ni aluminiamu na huenda tunagombana bure, ingawa hiyo nayo ikiwa kuukuu yataka kukaguliwa. Kama ni magnesiamu, wapelekee mafundi wa ndege pale uwanja wa Wilson, ambao wana rangi nyekundu ipenyayo inayofanya kazi ya chokaa ya mzee wangu kwa ufundi zaidi, lakini rangi yote ya zamani iondolewe kwanza kwa dawa, si kwa kupigwa mchanga, maana mchanga huziba midomo ya nyufa. Na hata wakikuambia ni safi, jibu langu halibadiliki: ziweke sebuleni, zifunge siku ya picha gari likiwa limesimama, kisha uzivue. Wala usimruhusu mtu yeyote kuzijaza lahamu.

Tairi zake pia tazama mwaka wa kutengenezwa. Deni la kununulia urembo usilichukue. Ukifika Kasindi jioni lala hapo hapo, njia ya Beni usiiingie ila asubuhi, na sababu unaijua.

Nimesikia pia kwamba ulipoulizwa na yule mfanyabiashara kama huogopi, ulimjibu kuwa mjomba wako ni fundi na atakutengenezea likiharibika. Neno hilo lilinifurahisha kwa dakika moja, kisha likaninyima usingizi, kwani ufa haunisubiri mimi Butembo. Una Mau ya kuteremka, una njia yote ya Uganda, na milima yetu kutoka Beni unaifahamu ilivyo.

Kwa hiyo nunua rimu nne za chuma za kiwandani kabla hujatoka Nairobi, zenye matundu manne yanayolingana na habu yako, hata kama hazina umbo la kupendeza, unitumie picha zikiwa zimefungwa, kwa ndani na kwa nje, nazo zile nyingine zilale ndani ya buti zimefungwa gunia. Bei yake niambie mimi, nitakutumia kwa simu siku hiyo hiyo. Baba yako usimwambie. Atataka kulipa yeye ili apate kunikumbusha kwamba mbuzi wale wawili tumekwisha kuwahesabia humo.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.